Ukurasa wa Tatu

Siku ya kutia saini walileta keki
yenye nembo mbili, ya chuo na ya karakana yetu.
Yetu waliikosea: gurudumu la meno saba badala ya manane.
Nikanyamaza. Mgeni hakosoi keki.
Mpiga picha akasema, mama, inua kalamu kidogo,
fanya kama unaandika.
Nikaandika hewani.

Hati ikaingia droo ya pili,
chini ya risiti za umeme,
ikakaa humo masika mawili.

Nisiwaonee. Walikuja.
Basi zima, wanafunzi arobaini,
wakapita kati ya mashine mikono nyuma,
mmoja akauliza, "Mna dira?"
Fundi Ndekirwa, miaka thelathini na mmoja hapa Njoro,
akawapa kisogo, akaendelea kuchomelea.
Nasi tukaenda kwao, tukakalishwa mbele,
tukasikia neno "wadau" mara kumi na tisa.
Nilihesabu. Mimi ni mtu wa daftari.

Mwaka wa tatu kahawa ikawahi kuiva.
Kutoka Kibosho, kutoka Uru, simu:
Aikaruwa, mashine yako inamega punje,
mnadani watatushusha daraja.
Mashine thelathini na sita, zote za mkopo.
Ndekirwa akasema, ni wao, wanachuma mbichi.
Nikasema, labda.
Usiku sikulala.

Nilimpigia Dokta Nambua.
Namba yake sikuitoa kwenye hati;
aliwahi kununua geti kwetu, akalipa siku hiyo hiyo.
Akasema chuo kimefunga,
kibali cha safari kinapita meza tano.
Akanyamaza.
Akasema, shamba lina tope? Nakuja na mabuti.

Alikuja na kijana mmoja, Masalu, mzaliwa wa Magu,
aliyejua pamba, na buni nyekundu hajapata kuishika.
Siku tatu walikaa Uru wakihesabu.
Kuhesabu tu: punje mia, punje mia, kwenye ungo,
nzima huku, zilizomegeka kule,
mwenye shamba akiwatazama
kama anavyotazama kuku kwenye mahindi.

Siku ya nne Masalu akasimama mbele ya Ndekirwa,
akauliza. Hakumfundisha, aliuliza:
"Baba, mwanya wa sahani na kisu unaupimaje?"

Ndekirwa akaingiza mkono mfukoni mwa ovaroli,
akatoa karatasi iliyokunjwa, nyeusi kwa grisi.
"Kwa hii. Ikibana, ikatoka bila kuchanika, basi."
Mikunjo mitatu, matabaka manane.
Dokta akaibana kwenye kipimo chake:
pointi nane ya milimita, na unywele.
"Hujakosea," akasema. "Kilichobadilika ni punje.
Mvua ilizidi, zimenenepa. Zinataka moja na pointi mbili."

La punje Ndekirwa hakulijua.
La karatasi wao hawakulijua.
Kwa muda ilisikika feni peke yake.

Kisha Masalu akaikunjua, nadhani kwa udadisi tu,
akasoma kwa sauti, grisi ikimruhusu:
"Pande zote mbili... zitashirikiana kwa... katika..."
Nikaitambua. Droo ya pili!
"Karatasi ya chuo ni nzuri," Ndekirwa akajitetea,
"haivimbi kwa unyevu."
Nilicheka hadi nikakaa juu ya boksi la misumari.

Sasa ni Oktoba. Mashine ishirini na nane tumezirekebisha,
nane bado, na barabara ya Uru ina utelezi.
Masalu amekosa jaribio moja; Dokta anamtetea huko.
Chuo kimeandika kuuliza mchoro mpya ni mali ya nani.
Ndekirwa anataka jina lake kwenye kibati cha mashine,
na mimi bado sijamjibu yeyote.

Ila mwanya mpya unataka matabaka kumi na mawili.
Ukurasa wa nne umechanwa, umekunjwa mara mbili,
umewekwa juu ya mwenzake.
Wa tano, wenye saini,
nimemwambia Ndekirwa asiuguse.
Kwanza aniulize.